Tahadhari: Msipande Boti Bado

Likizo zinakaribia. Kuanzia Waseges hadi Kabazi, vikundi vya WhatsApp vimechangamka. Mipango inafanana: matatu ya kukodi Ijumaa alasiri, hema za kuazima, mbuzi wa kuchoma, spika kubwa, siku mbili kisiwani, kuzunguka ziwa kwa boti na, pesa zikitosha, kuendesha jeti-ski. Wengine wanaelekea Baringo, kisiwa cha Ol Kokwe. Wengine wanaona Baringo ni mbali, wamechagua Naivasha. Michango inatumwa. Mpiga picha ameshapatikana. DJ ameshapatikana.

Wa kuulizia boti hajapatikana.

Naandika sasa kwa sababu msiba wa aina hii hutangulia kuonekana kwenye bajeti. Angalieni bajeti ya kikundi chenu. Nyama ina mstari wake. Fulana zenye jina la kikundi zina mstari wake. Boti imeandikwa "usafiri wa majini", na kando yake pesa ambazo mtu alizikisia. Hakuna aliyeandika boti ina nafasi ngapi. Hakuna aliyeandika jaketi za kuokolea maisha ni ngapi. Hakuna aliyeandika nani kati yenu anajua kuogelea.

Sisi watu wa Subukia ni watu wa bonde na milima. Tunajua mahindi, kahawa na ng'ombe. Anayesema anajua kuogelea, mara nyingi alijifunzia mtoni, mahali ambapo akisimama maji yanamfika kifuani. Ziwani hakuna pa kusimama. Maji ya Baringo ni ya rangi ya udongo; mtu akizama kidogo tu, aliye juu hamwoni tena.

Wala tusiseme hatujui maji yanavyoua. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la Patel lilipasuka pale Solai, kwa majirani zetu, na watu zaidi ya 40 wakafa, wengi wao watoto na kina mama waliokuwa nyumbani kwao. Wale hawakupewa nafasi ya kuchagua. Anayepanda boti anachagua.

Sasa sikilizeni yaliyotokea Uganda mwaka huohuo.

Jumamosi jioni, tarehe 24 Novemba 2018, kundi la marafiki na wageni wao lilikuwa kwenye boti ya starehe iitwayo MV Templar, Ziwa Victoria, upande wa Mukono. Ilikuwa safari kama yenu: muziki, vinywaji, watu waliovalia kwa ajili ya picha, ufuo wa kwenda kumalizia sherehe. Boti haikuwa na leseni. Ilikuwa na hitilafu za muda mrefu. Ilibeba watu wengi kuliko uwezo wake. Maji yalipoanza kuingia, watu wakakimbilia upande mmoja. Boti ikalala.

Watu zaidi ya 30 walikufa. Hawakuwa mbali na nchi kavu.

Jaketi chache zilikuwemo, na wengi hawakuzivaa. Wavuvi walifika haraka na mitumbwi yao, lakini waliokuwa majini waliing'ang'ania kwa wingi hadi wavuvi wenyewe wakalemewa. Mwenye boti na mkewe walikuwa miongoni mwa waliokufa. Hilo nalirudia kwa ajili ya kila mtu anayesema, "Mwenye boti hawezi kutubeba kama si salama, naye si yumo ndani?" Naam, yumo ndani. Hata mwenye MV Templar alikuwa ndani.

Miezi miwili kabla ya hapo, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara, Tanzania. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walipita 220. Abiria walikuwa wakijiandaa kushuka, uzito ukahamia upande mmoja.

Upande mmoja. Kumbukeni maneno hayo mawili.

Boti ndogo haihitaji dhoruba ili ipinduke. Inahitaji watu kumi kusimama kwa pamoja kumpiga picha kiboko. Inahitaji mmoja aseme "twiga yule kule!" na wote wageukie kule. Inahitaji DJ aweke wimbo unaopendwa. Anayekaa chini huushusha uzito, na boti hutulia. Anayesimama huupandisha, na boti hulegea. Ni hesabu tu. Haijali mlisali kabla ya kuondoka.

Boti nyingi za watalii Naivasha na Baringo hubeba watu wachache, chini ya kumi. Kikundi chenu kina watu thelathini. Jamani, hapo ndipo kifo kinapoingilia. Kwenda kwa zamu nne kunachosha, na mwenye boti anataka kulipwa kwa zamu. Kwa hiyo mtu mmoja mchangamfu atasema, "Tujibane tu, ni hapo karibu." Matatu ikijaza kupita kiasi mnabanana na kulalamika hadi Nakuru, boti ikijaza kupita kiasi hamna muda wa kulalamika.

Mtu huyo mchangamfu yumo katika kila kikundi. Mjueni mapema. Asipewe sauti ufuoni.

Ziwa lenyewe pia limebadilika, na wengi wenu mnakwenda na ramani ya zamani kichwani. Tangu mwaka 2010 hivi maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakifura. Ziwa Baringo, lililokuwa na eneo la karibu kilomita za mraba 130, limewahi kukaribia 200. Hoteli, nyumba, shule na barabara pale Kampi ya Samaki zilimezwa. Naivasha nako mtaa wa Kihoto ulifurika mwaka 2020, na tena 2025. Maana yake kwa mpanda boti ni hii: chini ya maji mnayoyaona yametulia kuna miti iliyokufa ikiwa wima, kuna kuta, kuna nguzo za ua, kuna nyaya. Nahodha wa hapo anajua zilipo. Kijana aliyekodi jeti-ski kwa nusu saa hajui. Injini ikigonga kisiki, boti husimama ghafla na watu huendelea mbele.

Naivasha ina jambo lake jingine: magugumaji. Upepo ukibadilika, magugu hujikusanya na kuziba njia mliyojia. Boti hukwama. Pangaboi hujisokota. Giza huingia mkiwa katikati.

Na giza ni la kiboko.

Kiboko mchana yuko majini, usiku yuko nchi kavu akila nyasi. Alfajiri hurudi. Maji yalipopanda, malisho yake yalisogea hadi kwenye bustani za hoteli na viunga vya kambi. Mwaka 2018, mwezi Agosti, mtalii kutoka Taiwan aliuawa na kiboko kando ya Ziwa Naivasha alipokuwa akipiga picha. Siku hiyohiyo mkazi wa hapo naye aliuawa. Kiboko mnene yule hukimbia kuliko mtu. Majini hukaa chini dakika kadhaa bila kuonekana, kisha huibuka pale boti ilipo. Mkisimama kati yake na maji ya kina, mmemzibia njia ya nyumbani. Atapita. Atapita juu yenu.

Baringo ongezeni mamba. Wenyeji wa visiwani, Wailchamus, wamelivuka ziwa hilo maisha yao yote kwa mitumbwi midogo ya miti myepesi, na kuna mtu atakayewaonyesha kama ushahidi kwamba ziwa halina neno. Waulizeni hao hao. Watawaambia mahali pa kutoteka maji, saa za kutokanyaga ufuo, na majina ya waliokanyaga.

Kuhusu jeti-ski nitasema kwa ukali, kwa sababu vijana huiona ni pikipiki ya bodaboda iliyopelekwa majini. Siyo pikipiki. Haina breki za kushika kama pikipiki. Nyingi hugeuka kwa nguvu ya maji yanayosukumwa nyuma. Ukiachia mafuta kwa hofu, usukani hauna kazi, na chombo kinaendelea kwenda kilikokuwa kinaelekea. Hivyo ndivyo watu wanavyogongana: anaona mwenzake mbele, anaogopa, anaachia mafuta, anazungusha usukani, anamgonga vilevile. Kuna kamba fupi ya kufunga kwenye kifundo cha mkono au kwenye jaketi. Ukianguka, kamba inachomoka na injini inazima. Ukiambiwa, "Hiyo kamba ilipotea, lakini haina shida," shuka. Rudishiwa pesa zako au usirudishiwe, shuka.

Aliyekunywa asiguse jeti-ski. Hata bia moja. Aliyekunywa asipande boti pia, hata kama si yeye anayeendesha, kwa sababu aliyelewa ndiye atakayesimama.

Nimesema hayo kuhusu maji. Nchi kavu nako kuna linaloua, tena kimyakimya kuliko kiboko.

Naivasha usiku ni baridi. Ziwa liko mita karibu 1,900 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa usiku unapenya hema za bei nafuu. Saa nane za usiku mtu atasema, "Tuingize jiko la makaa ndani, tufunge zipu." Makaa yakiungua mahali palipofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Haikohozeshi. Haiwashi macho. Inaleta usingizi. Waliomo hulala, na asubuhi wenzao hudhani wamechoka na safari. Makaa yanayoonekana kuzimika ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu hayana moshi wa kukuonya. Jiko lisiingie hemani. Likiwaka, lisiingie. Likififia, lisiingie. Chukueni blanketi la pili. Blanketi halijawahi kuua mtu.

Baringo ni joto, kwa hiyo hatari hiyo hupungua na nyingine huongezeka. Nyoka wa Baringo wanajulikana nchi nzima. Nge pia. Mbu wa kule wana malaria, na mtu aliyekulia kwenye baridi ya Subukia mwili wake haujazoea malaria kama mwenyeji. Hema lifungwe zipu wakati wote, viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa, tochi iwe mkononi kwa kila anayekwenda haja usiku. Mtu akiumwa na nyoka kisiwani, hesabuni safari: kumbeba hadi boti, boti hadi Kampi ya Samaki, gari hadi hospitali ya Marigat, na pengine hadi Kabarnet. Je, boti inalala kisiwani nanyi au inarudi ng'ambo? Nahodha analala wapi? Simu yake inawaka usiku?

Kama boti hailali karibu nanyi, basi hamko kambini. Mmeachwa.

Najua jibu litakalokuja. "Mbona watu huenda kila mwaka na hurudi?" Ni kweli, wengi hurudi. Wengi waliopanda boti mbovu hurudi pia, na kila wanaporudi wanazidi kuamini kwamba boti ile si mbovu. Wageni wa MV Templar hawakuwa watu wa kwanza kuipanda. Pia wapo watakaosema naharibia wenye boti riziki. Mwenye boti aliye na chombo kizuri ndiye anayeharibiwa riziki na aliye na chombo kibovu, kwa sababu mnamkimbia yeye kwa tofauti ya shilingi mia mbili.

Ikiwa hakuna kitakachobadilika, nawaambia jinsi itakavyokuwa. Kutakuwa na simu Jumamosi jioni. Kutakuwa na picha za saa nane mchana ambazo kila mtu atazisambaza, nyuso zikicheka, jaketi zikiwa zimerundikwa chini ya kiti. Wapiga mbizi watatafuta siku tatu, nne. Harambee itaitishwa kwenye kikundi kilekile kilichochangisha mbuzi. Mwenyekiti aliyepanga safari atahama Subukia, maana hataweza kupita mbele ya duka la mama fulani. Halafu serikali itapiga marufuku boti kwa wiki mbili, na mwezi wa tatu mambo yatarudi yalivyokuwa.

Yanayohitajika ni machache. Yafanyeni wiki hii, si ufuoni.

Teueni mtu mmoja wa boti. Asiwe mwenyekiti, asiwe mweka hazina. Wao wana kazi zao. Awe mtu mkaidi asiyeona haya kuharibu shangwe. Katika kila kikundi yupo dada wa namna hiyo, mnamwita mkali. Mpeni huyo kazi hiyo. Neno lake kuhusu maji liwe la mwisho, na mkubaliane hivyo kwa maandishi kabla hamjaondoka.

Kazi yake ya kwanza ni simu. Ampigie mwenye boti na kuuliza: boti imesajiliwa na kukaguliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Majini ya Kenya? Cheti kinasema abiria wangapi? Atume picha ya cheti. Nahodha ana kibali chake? Jaketi ni ngapi, na za watoto ni ngapi? Mwenye boti wa kweli huulizwa maswali haya kila siku na hakasiriki. Anayekasirika amejibu.

Kazi yake ya pili ni jaketi, na hapa nataka awe na mikono, si macho tu. Aliminye povu la ndani: zuri hurudi lilivyokuwa, lililochoka hubaki limebonyea kama mkate mbichi, na hilo halielei. Avute kila mkanda. Afunge kila kifungo na kukifungua. Jaketi iliyokaa juani miaka mingi hukatika uzi mabegani, aivute mabegani. Kisha mvaaji asimame, ainuliwe kwa kushikwa jaketi mabegani. Ikipanda hadi masikioni, ni kubwa, na majini itamvuka kichwani. Ya mtoto lazima iwe na mkanda unaopita kati ya miguu. Jaketi ivaliwe kabla ya kukanyaga boti na ivuliwe baada ya kushuka. Jaketi iliyokaliwa kama mto wa kiti haijamwokoa mtu.

Watu thelathini, jaketi ishirini na nane: wawili hawaendi. Hakuna mjadala. Hawaendi hata wakiwa ni wale wawili waliochanga zaidi.

Saa nazo zina maana. Asubuhi ziwa hutulia. Alasiri upepo huinuka, Naivasha na Baringo vilevile, na maji yaliyokuwa kioo huanza kurusha mawimbi ndani ya boti. Vukeni asubuhi. Rudini kabla ya saa tisa. Hii ina maana matatu isiondoke Subukia Ijumaa alasiri ili mvuke jioni. Ina maana mlale kwanza nchi kavu, Kampi ya Samaki au mji wa Naivasha, mvuke Jumamosi kukiwa kumekucha vizuri. Mtapoteza usiku mmoja wa kisiwani. Upotezeni.

Spika ibaki nchi kavu. Nahodha anahitaji kusikika.

Orodha ya majina yote iachwe kwa mtu aliyebaki Subukia, pamoja na namba ya nahodha, jina la boti na saa ya kurudi. Saa hiyo ikipita bila simu, apige 999 au 112, na Msalaba Mwekundu 1199, bila kungoja wala kuona haya. Wengi huokolewa au hukosa kuokolewa katika saa ambayo jamaa nyumbani walikuwa wakisema, "Labda hakuna mtandao."

Na hema zipigwe mahali mwenyeji alipoonyesha, mbali na vijia vya viboko vinavyotoka majini. Vijia hivyo vinaonekana mchana: majani yamelala, udongo umekwanguka kwa upana wa mwili, samadi imetawanyika kando. Mkiona hivyo, hata kama hapo ndipo penye mandhari ya kupendeza, hamisheni hema.

Mweka hazina, leo jioni utaombwa utume malipo ya kwanza ya boti. Usitume. Mpe mtu wa boti simu kwanza, apige, aulize. Akijibiwa "tutaona mkifika", rudisha michango ya watu.

Mbuzi mnaweza kumla hapahapa Subukia.